Waya wa Geji ya Tangi la Gesi: Kiwango Kinavyosomwa Bila Gesi Kuvuja

Shule za bweni, hospitali na hoteli zinazidi kuacha kuni na makaa na kuweka tangi kubwa la gesi nje ya jikoni. Tangi hilo huja na kitu ambacho mtungi wa nyumbani wa kilo 6 au kilo 13 hauna: geji ya kuonyesha gesi imebaki kiasi gani. Mara nyingi kuna pia waya mwembamba unaotoka kwenye geji hadi ofisi ya bohari, ili msimamizi asome kiwango bila kwenda nje. Waya huo hauogopeshi mtu. Hata hivyo ndio sehemu ya tangi inayoguswa na mafundi wengi zaidi, wakiwemo wale ambao hawajawahi kufunzwa kazi ya gesi.

Somo la toleo hili linaeleza waya huo unavyopata habari za ndani ya tangi, kwa nini haufai kupita popote tu, na mambo ambayo bodi ya shule, mpishi au mwenye hoteli anapaswa kuyauliza kabla fundi hajashika spana.

Presha si kiwango

Kuna kosa moja la kuondoa kwanza. Madukani huuzwa kifaa kidogo cha duara kinachofungwa kati ya mtungi na regyuleta, chenye mshale na rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Wanunuzi wengi huamini kwamba mshale ukiwa kwenye kijani mtungi umejaa. Sivyo. Kifaa hicho hupima shinikizo, na shinikizo la gesi ya kupikia halisemi gesi imebaki ngapi.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Ndani ya mtungi, sehemu ya chini ni majimaji na ya juu ni mvuke. Jiko likiwashwa, mvuke hutoka, na majimaji huchemka kidogo kujaza nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo shinikizo hubaki karibu lilelile, majimaji yawe nusu mtungi au kikombe kimoja. Kinachobadilisha shinikizo hasa ni joto. Kwenye nyuzijoto 20 za Selsiasi, propani tupu husukuma kuta za chombo kwa nguvu ya zaidi ya mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo; kwenye nyuzijoto 40 inapita mara tano. Ndiyo maana mshale hukaa kwenye kijani wiki nzima, kisha huanguka ghafla siku majimaji yanapokwisha, githeri ikiwa bado mbichi.

Kwa mtungi wa nyumbani njia ya kweli ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye chuma chake. Mtu akiupima mtungi na kuondoa uzito huo, anapata kilo za gesi zilizobaki. Tangi la lita 1,000 lililofungwa kwenye msingi wa zege haliwezi kupandishwa mizani, kwa hiyo lazima kitu kiingie ndani kikatazame.

Boya, na tundu la milimita moja na nusu

Kitu hicho ni boya. Ndani ya tangi kuna mkono wa chuma wenye boya kwenye ncha yake, mfano wa boya la tangi la maji la choo. Majimaji yakipanda boya hupanda, yakishuka hushuka, na mkono huzungusha gia ndogo iliyounganishwa na kijiti kinachosimama hadi karibu na kichwa cha geji. Juu yake mshale husoma asilimia, kuanzia 5 hadi 95 hivi kutegemea aina.

Asilimia hiyo ni ya ujazo wote wa tangi. Geji ya tangi la lita 1,000 ikisoma 60, kuna takriban lita 600 za majimaji. Gesi ya mchanganyiko ina uzito wa karibu nusu kilo na ushei kwa lita. Tukichukua kilo 0.54, hizo ni kilo 324, sawa na mitungi 25 hivi ya kilo 13. Hesabu hii inafaa kufanywa na mhasibu wa shule kila gari la gesi linapokuja, kwa sababu bili huandikwa kwa kilo huku geji ikisoma asilimia.

Tangi halijazwi hadi juu. Kikomo cha kawaida ni asilimia 80, kwa kuwa majimaji ya gesi hutanuka upesi kuliko maji: joto likipanda nyuzi 10, ujazo wake huongezeka kwa asilimia 2 hadi 3. Tangi lililojaa kabisa alfajiri halina pa kutanukia saa nane mchana. Kwa kuwa boya lina gia na gia zina ulegevu, anayejaza hategemei mshale peke yake. Hufungua vali ndogo yenye bomba jembamba lililoshuka hadi usawa wa asilimia 80. Mvuke hutoka kwanza. Pindi yanapotoka majimaji meupe kama ukungu mzito, dereva anajua amefika na anafunga.

Vali hiyo hutoa gesi nje kwa makusudi, na tundu lake haliruhusiwi kuwa kubwa. Kanuni zinazofuatwa na watengenezaji wengi huliwekea kikomo cha karibu milimita 1.4. Wahandisi walibishania milimita hizo kwa sababu lita moja ya majimaji, ikitoka nje, huwa takriban lita 250 za gesi. Gesi hiyo huweza kuwaka ikiwa ni asilimia 2 tu ya hewa. Kwa hesabu hiyo, lita moja inatosha kujaza chumba cha mita 2 kwa mita 2.5, chenye urefu wa mita 2.5, mchanganyiko unaosubiri kiberiti. Gesi ya kupikia pia ni nzito kuliko hewa: haipandi ikapotea juu, bali hutambaa chini, huingia mitaroni na hukaa kwenye pembe za sakafu.

Kwa hiyo kila tundu kwenye tangi ni deni. Swali la mwenye kubuni geji ni hili: habari za boya zitafikaje nje bila tundu lolote?

Jaribio la sufuria

Jibu lake linaweza kuonekana jikoni. Chukua sufuria ya aluminiamu, tia maji kidogo, weka sindano ya kushonea ndani. Tafuta sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa, uipitishe chini ya sufuria. Sindano itafuata sumaku, na hakuna tone la maji litakalotoka, kwa kuwa sufuria haina tundu.

Geji nyingi za matangi ya gesi hufanya kazi hivyo hasa. Kijiti kinachozungushwa na boya kina sumaku kwenye ncha yake ya juu. Ncha hiyo haitokezi nje. Inaishia chini ya ukuta mzima wa kichwa cha geji, ambao hutengenezwa kwa aluminiamu au shaba ya njano kwa kuwa chuma cha kawaida kingeivuta sumaku na kuivuruga. Upande wa pili wa ukuta, nje kabisa ya shinikizo, kuna sumaku nyingine iliyobeba mshale. Ya ndani ikigeuka, ya nje hugeuka nayo.

Uso wa geji, yaani sehemu ya plastiki yenye namba, ni kama saa iliyobandikwa ukutani. Ukivunjika kwa jiwe la mtoto, gesi haitoki.

Waya wa kwenda ofisini nao hufungwa hapo hapo. Badala ya uso wa kawaida huwekwa uso wenye sensa inayohisi sumaku, au kipinga umeme ambacho ukubwa wake hubadilika mshale unapogeuka. Nyaya mbili au tatu hutoka kwenye sensa hiyo na kupeleka habari kwenye kioneshi. Magari yanayotumia gesi badala ya petroli yana mpango huohuo: taa za kiwango kwenye dashibodi husoma sumaku ya tangi lililoko kwenye buti, na waya wenyewe haugusani na gesi.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba umetenganisha kazi mbili. Ukuta wa chuma unazuia gesi, sensa inasoma, na sensa ikiharibika ukuta haujui. Hakuna kiungio cha umeme kisichovuja kinachoweza kushinda kile ambacho hakikupita ndani kamwe.

Waya unapolazimika kuingia

Kuna vifaa visivyoweza kufanya kazi kwa sumaku. Aina nyingine ya geji haina boya. Ina vijiti viwili vya chuma vinavyosimama ndani ya majimaji na hupima umeme unavyohifadhiwa kati yao, kwa kuwa majimaji na mvuke havifanani katika hilo. Baadhi ya magari yana pampu ya umeme ndani ya tangi la gesi. Kwa vifaa hivi waya lazima utoke ndani kwenye shinikizo hadi nje, na hapa ndipo kosa la hatari hutokea.

Fundi asiyejua huona kazi ni rahisi: toboa, pitisha waya, ziba pembeni kwa gundi kali au mpira. Kisha anapaka povu la sabuni kuzunguka alipoziba, haoni puto, anaondoka ameridhika. Gesi inavuja, na sabuni haiioni.

Inapita ndani ya waya. Waya wa kawaida wa umeme si kitu kimoja. Ni nyuzi nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja na kuvishwa ganda la plastiki. Nyuzi za mviringo zikibanana, kati yao hubaki mianya, kama mianya kati ya miwa iliyofungwa mzigo. Mianya hiyo inaanzia ncha moja ya waya hadi nyingine. Kwa macho ya gesi yenye shinikizo, waya huo ni fungu la mabomba membamba, na ganda la plastiki linazuia gesi isitoke njiani. Kebo yenye nyaya tatu ndani ya ganda moja la nje ina nafasi kubwa zaidi.

Na mabomba hayo yanaishia wapi? Yanaishia pale kioneshi kilipo: ofisini kwa bohari, ndani ya kisanduku cha plastiki, ukutani, pengine sentimita chache kutoka kwenye swichi ya taa. Tangi limewekwa nje mbali na jengo ili gesi ikivuja ipeperushwe na upepo, kisha waya unaileta ndani, chini ya meza, kwenye chumba kinachofungwa usiku. Asubuhi mtu anafungua mlango na kubonyeza swichi.

Kuziba kwa kweli kunahitaji kuukata mfululizo wa nyuzi hizo. Njia bora zaidi imo katika kila nyumba iliyowahi kuwa na balbu ya zamani yenye uzi unaowaka. Ndani ya balbu hakuna hewa ya kawaida. Ikiingia, uzi hukatika mara moja. Bado nyaya mbili zinapita kwenye kioo chake, na balbu hukaa miaka kwenye sanduku bila kuharibika. Siri ni kwamba pale waya unapopita kwenye kioo si nyuzi zilizosokotwa bali ni pini moja nzima, na madini yake yamechaguliwa yatanuke na kunywea sawasawa na kioo. Kwenye balbu hutumika moyo wa chuma na nikeli uliovishwa shaba. Kwa kazi nzito zaidi kuna aloi ya chuma, nikeli na kobalti, iliyotokana na kazi ya vali za redio za miaka ya 1930. Shaba tupu ingenywea kuliko kioo wakati wa kupoa, na hapo hapo mwanya ungefunguka.

Kwenye chombo chenye shinikizo, kipitishio cha waya hutengenezwa kwa pini nzima iliyozungukwa na kioo, na kioo kuzungukwa na pete ya chuma. Vyote huchomwa hadi kioo kiyeyuke. Vikipoa, pete ya nje hunywea zaidi na kukibana kioo kutoka pande zote. Kioo ni dhaifu kikivutwa lakini ni imara sana kikibanwa, kama mawe ya tao la daraja. Waya wa ndani hulehemiwa kwenye ncha moja ya pini na waya wa nje kwenye ncha nyingine. Umeme unapita, gesi inakuta chuma kizima.

Njia ya pili ni gundi ya epoksi, na inafaa ikifanywa sawa. Kumwaga gundi kuzunguka kebo iliyovaa ganda lake hakutoshi, kwa sababu gundi haishiki vizuri plastiki laini ya ganda na haijaingia kati ya nyuzi. Ganda huchunwa, nyuzi hutawanywa kama ufagio, na gundi humwagwa ili kila uzi uzungukwe peke yake. Hata hivyo epoksi hutanuka kwa joto mara kadhaa kuliko chuma. Tangi linalopigwa na jua la mchana na baridi ya usiku kila siku huichezesha gundi hiyo mwaka baada ya mwaka, hadi unywele wa ufa utokee pembeni. Gundi ya hardware iliyoandikwa inashika kila kitu haikutengenezwa kwa kazi hii.

Mpira ni habari nyingine. Propani na butani ni ndugu wa petroli, na kila aliyewahi kudondoshea petroli mpira wa kawaida ameona unavyovimba na kulainika. Gesi ya majimaji hufanya vivyo hivyo kwa mpira wa asili. Oringi na gasketi za tangi la gesi hutengenezwa kwa mpira maalumu unaovumilia mafuta. Kipande cha tyubu ya baiskeli, dawa ya kila tatizo kwenye karakana zetu, kitaziba siku ya kwanza na kuvimba baadaye. Utepe mweupe wa mafundi wa bomba nao una kazi yake kwenye meno ya skrubu za bomba, lakini hauzibi waya.

Cheche ndogo kuliko inavyodhaniwa

Hata gesi isipovuja kupitia waya, waya unaweza kuleta cheche palipo na gesi iliyovuja kwingine. Chini ya kifuniko cha tangi kuna vali kadhaa, na kila gari la gesi linapojaza, kiasi kidogo hutoka. Hapo ndipo sensa ilipo.

Mchanganyiko wa propani na hewa huwashwa na nguvu ya takriban robo ya sehemu moja kati ya elfu ya jouli. Cheche ya kuvua sweta ya nailoni inaweza kuipita nguvu hiyo mara nyingi. Kwa hiyo kuunga waya wa geji kwenye stima ya kawaida ya volti 240, au kwenye chaja yoyote iliyookotwa mezani, ni kupeleka nguvu kubwa mno mahali pasipoihitaji.

Dawa yake ilianzia kwenye migodi ya makaa ya mawe. Tarehe 14 Oktoba 1913 mlipuko katika mgodi wa Senghenydd, Wales, uliua wachimbaji 439. Mojawapo ya vyanzo vilivyoshukiwa ni cheche kutoka kwenye nyaya za kengele za kuashiria, zilizotumia betri ndogo ambayo watu waliiona haina madhara. Utafiti wa miaka hiyo ulionyesha kwamba volti ndogo haitoshi kuleta usalama: koili ya kengele huhifadhi nguvu, na waya unapoachana, nguvu hiyo yote hutoka pamoja kama cheche. Kutoka hapo wahandisi walijifunza kubuni sakiti ambayo hata waya ukikatika au nyaya zikigusana, cheche yake haifikii nguvu ya kuwasha gesi.

Vifaa vilivyojaribiwa kwa namna hii hubeba alama ya Ex, na vile vya sakiti dhaifu huandikwa Ex ia au Ex ib. Herufi ia ndiyo ya kiwango cha juu zaidi. Alama hiyo iko kwenye kibao kidogo cha sensa, na kibao kikibanduliwa au kupakwa rangi, hakuna anayeweza kuthibitisha kifaa ni cha aina gani. Ikumbukwe pia kwamba sensa salama ikiungwa kwenye kioneshi kisicho sahihi huacha kuwa salama, kwa kuwa kizuizi cha nguvu mara nyingi kiko upande wa kioneshi. Pale kebo inapoingia kwenye jengo, muziba wake unapaswa kuwa ule uliotawanya nyuzi na kuzizungushia gundi maalumu. Plastiki ya kubana kebo pekee huzuia vumbi na maji tu.

Skrubu mbili, bolti nne

Jambo la hatari zaidi katika somo hili halina umeme wowote. Geji ikikwama, mtu huita fundi. Anakuta duara lenye skrubu ndogo, na chini yake, kwenye aina nyingi za geji, kichwa chenye bolti kubwa zaidi, kwa kawaida nne.

Skrubu ndogo, mara nyingi mbili, zinashika uso wa geji. Zikifunguliwa, uso wenye namba au sensa hutoka, na ukuta wa chuma ulio chini hubaki mahali pake. Fundi aliyeidhinishwa anaweza kubadilisha sensa kwa njia hiyo tangi likiwa na gesi. Bolti kubwa zinashika kichwa chote kwenye tangi. Nyuma yake kuna shinikizo lote lililotajwa hapo juu, na gasketi moja. Bolti hizo zikilegezwa tangi likiwa na gesi, hakuna mkono utakaozirudisha: majimaji yatatoka kwa kasi, yatagandisha vidole, na wingu litatambaa chini kuelekea jikoni lilipo jiko linalowaka.

Fundi wa stima mwenye leseni halali na uzoefu wa miaka 20 anaweza kufanya kosa hilo, kwa sababu hakuna kitu katika kazi yake ya kawaida kilicho na shinikizo nyuma ya bolti. Si suala la ustadi wake. Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Mafuta, EPRA, hutoa leseni za mafundi umeme na pia husimamia biashara ya gesi, na hizo ni kazi mbili tofauti. Kabla geji haijaguswa, bodi ya shule au mwenye hoteli amwite kwanza mwenye tangi, ambaye mara nyingi ni kampuni inayoleta gesi, na asiruhusu fundi wa mtaani kuanza na wengine kufuata.

Yapo maswali manne ambayo hata asiye fundi anaweza kuuliza na kudai jibu. Je, geji hii inasoma kwa sumaku au waya unapita ndani ya tangi? Kama unapita, kipitishio chake ni cha kiwandani, na cheti chake kiko wapi? Sensa na kioneshi vina alama ya Ex, na vimekusudiwa kufanya kazi pamoja? Kebo imezibwaje inapoingia ofisini? Fundi anayekasirishwa na maswali hayo atafutiwe mbadala.

Harufu ya gesi ikisikika karibu na kioneshi au ndani ya chumba kinakoishia waya, hata kama tangi lenyewe halinuki, itendewe kama uvujaji kamili. Swichi zisibonyezwe, wala kuwasha wala kuzima. Milango ifunguliwe, watu watoke, vali kuu ya tangi ifungwe na anayejua ilipo, na simu ya 999 au 112 ipigwe kutoka nje, mbali na jengo. Huduma ya zimamoto ni kazi ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Kuutafuta uvujaji kwa kiberiti bado hufanyika, ingawa kila mtu husema hawezi kufanya hivyo.

Geji yenyewe inaweza kutumika kama mlinzi, bila gharama yoyote. Msimamizi aandike namba ya mshale kila asubuhi saa ileile kwenye daftari. Ijumaa ya kufunga shule, vali za jikoni zikifungwa, namba iandikwe. Jumatatu isomwe tena. Tofauti ya joto ya nyuzi 10 inaweza kuusogeza mshale ulioko 60 kwa pointi moja au mbili, kwa kuwa majimaji hunywea kwenye baridi, na ndiyo sababu ya kusoma saa ileile. Mshale ukiwa umeshuka pointi tano jiko likiwa limefungwa, hiyo si hali ya hewa, na kampuni inayoleta gesi inapaswa kupigiwa simu kabla jikoni hakujawashwa moto.